Foto Moja ya Nkambo: Namna ya Kuigeuza Kuwa Picha ya Rangi ya Maji



Juma hili tunazungumza juu ya foto. Zile zinazojaa katika telefone zetu, kumi za sahani ile ile na ishirini za mtoto yule yule, tuziache. Tunazungumza juu ya ile foto moja. Nyumba nyingi za Kampemba zinayo: foto pekee ya nkambo, au ya baba aliyefariki watoto wakiwa wadogo. Mara nyingi ni ile ya kadi ya mpiga kura, kwa sababu kuna wazee ambao hawakuketi mbele ya kamera siku nyingine yoyote. Mara nyingine imekatwa kutoka foto ya ndoa ya watu wengine, na bega la jirani bado linaonekana pembeni. Na kuna jamaa ambazo hazina hata hiyo. Masanduku yao yalipotea katika kuhama, hasa katika misukosuko ya 1992 na 1993, wakati watu walipanda treni na vile tu walivyoweza kubeba.

Kisha kilio kinafika. Watu wa jamaa wanataka picha kubwa ya kuweka juu ya meza, karibu na maua. Wanaipeleka foto ile ndogo ikuzwe. Inaporudi, uso umevunjika vipande vipande kama vigae, macho ni madoa mawili, na hakuna anayethubutu kusema kitu mbele ya wafiwa.

Kuna njia nyingine, na mama yeyote mwenye kompyuta, au mwenye mtoto aliye nayo, anaweza kuijifunza kwa jioni mbili: kuigeuza foto iwe kama picha iliyopakwa kwa rangi ya maji, ile ambayo watoto wanaisikia masomoni kwa jina la akwareli. Rangi ya maji haihitaji kila unywele. Inahitaji umbo la kichwa, mwanga wa shavu, mkunjo wa kitambaa. Yale ambayo foto dhaifu haina, rangi ya maji haiyaulizi. Ndiyo sababu foto mbaya inaweza kuzaa picha nzuri.

Lakini kuna jambo moja ambalo mashine haijui, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote: haijui kwamba huyu ni mama yenu. Tutafika hapo.

Katanga na rangi ya maji

Wengine watasema haya ni mambo ya kigeni. Sivyo. Foto na rangi ya maji zilikutana katika nchi yetu kabla mji huu haujajengwa.

Mwaka 1898 msafara wa kisayansi ulioongozwa na ofisa Mbelgiji Charles Lemaire ulikuja Katanga, ukafanya kazi mpaka 1900. Ndani yake mlikuwa na mpiga foto, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Foto za Michel zilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ya udongo wetu, ya majani na ya anga, ilitoka katika brashi ya Dardenne. Kazi zao zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mtoto wa Lubumbashi alizifungua tena. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alikuwa amekwisha kujulikana kwa kazi yake ya 2006 iitwayo «Mémoire», ambamo foto za zamani za wafanyakazi wa migodi zimewekwa juu ya foto mpya za majengo ya Gécamines yaliyoachwa. Mwaka 2011, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza, alionyesha Tervuren kazi iitwayo «Congo Far West». Humo aliziunganisha foto za Michel na michoro ya Dardenne. Watu waliosimama katika kijivu cha foto wakajikuta ndani ya nchi yenye rangi. Wengi wa watu wale tunawaona leo bila majina. Tulishike hilo, maana tutalirudia.

Kuna hadithi nyingine iliyo karibu zaidi na sisi wamama. Mwaka 1926, huko Bukama kwenye mto Lualaba, mahali ambapo reli kutoka mji wetu ilikuwa imefika tangu 1918, mtumishi wa serikali ya kikoloni Georges Thiry aliona nyumba za udongo zilizopambwa kwa michoro. Alijua kwamba mvua zingeyafuta yote. Akampa mchongaji wa pembe za ndovu, Albert Lubaki, karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora watu, wanyama na miti. Mke wake, Antoinette Lubaki, naye alishika brashi, na ni mmoja wa wanawake wa kwanza wa Kongo ambao michoro yao ya karatasi imehifadhiwa kwa jina lao. Kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929. Kisha zikasahaulika kwa miaka mingi, mpaka zikaonekana tena mbele ya umati huko Paris mwaka 2015, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyoanza hesabu yake na mwaka ule ule wa 1926.

Na hapa mjini, katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na mchoro ukutani, mara nyingi umepakwa juu ya nguo ya gunia la unga. Watu waliuita ukumbusho. Haikuwa lazima ufanane na kitu kama foto. Kazi yake ilikuwa kuwafanya wageni wakae na kusimulia. Picha tunayotaka kutengeneza ni ya ukoo huo.

Rangi ya maji inafanyaje kazi?

Tusiguse kompyuta kabla ya kuelewa kitu tunachoiga. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mti wa mgunga, ukalainishwa kwa maji. Ni nyepesi, inapitisha mwanga. Kwa hiyo mchoraji hatumii rangi nyeupe. Weupe ni karatasi yenyewe, aliyoiacha bila kuigusa. Anaanza na rangi hafifu, anasubiri ikauke, anaongeza nyingine juu yake, mpaka afike penye giza.

Tone la rangi linapokauka, unga unakimbilia ukingoni, na pale unabaki mstari mweusi kidogo. Kila mama aliyemwaga chai kwenye kitambaa cha meza ameuona mstari huo. Rangi pia inazama katika mashimo madogo ya karatasi na kuonyesha chembechembe. Na pembeni mwa picha, brashi inaishia popote inapotaka, haikatwi kwa rula.

Basi tunatafuta vitu vinne: mabaka ya rangi badala ya nukta nyingi, mistari myembamba kwenye kingo, chembechembe za karatasi, na pembeni panapoyeyuka katika weupe. Watu wa sayansi ya kompyuta walishughulika sana kuiga hayo. Mwaka 1997 walitoa maelezo ya namna ya kuihesabu safari ya maji na unga juu ya karatasi. Sisi hatuhitaji hesabu zao. Tunahitaji programu moja na uvumilivu.

Vyombo vya kazi

Programu tunayoishauri ni GIMP. Ni ya bure, na ni halali kuinakili na kuwagawia wengine. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko Berkeley, Marekani, na ilitolewa kwa watu mwaka 1996. Photoshop, ambayo vijana wa studio wanaitumia, ilitoka 1990. Ni nzuri, na ina filta yake yenye jina «Aquarelle», lakini inalipiwa. Anayeweza kupika bukari kwa makaa hatashindwa kwa kukosa jiko la umeme.

Kwa kuwa kompyuta zetu nyingi, tunazoziita odinatere, zinasema Kifaransa, tutataja maneno kama mtakavyoyaona kwenye skrini.

Kuchukua foto vizuri

Kadi ya mpiga kura imefunikwa kwa plastiki inayong'aa. Ukiipiga kwa telefone chini ya taa, utapata taa, hutapata uso. Ilaze kadi juu ya meza karibu na mlango ulio wazi, jua lisiipige moja kwa moja. Zima flashi. Shika telefone sambamba na kadi, isiinamie upande mmoja.

Kama kuna skana, ni bora zaidi. Iweke kwenye nukta 600 kwa inchi. Foto yenye upana wa sentimita 3 itatoa nukta kama 700 kwa upana. Sasa tufanye hesabu ndogo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ili ionekane safi ukiwa umeishika mkononi, inataka nukta karibu 2480. Ikitundikwa ukutani, 1240 zinatosha. Sisi tunazo 700. Hapo ndipo mnaona kwa nini kuikuza peke yake kunaharibu, na kwa nini tunahitaji brashi.

Mkitumiana foto kwa WhatsApp, itumeni kama dokima. Ikitumwa kama foto ya kawaida inapunguzwa njiani. Na kateni uso peke yake kabla ya kumpa mtu: namba ya kadi na tarehe ya kuzaliwa si za kutembezwa.

Hatua za kazi

Ya kwanza. Fungua foto katika GIMP. Nenda «Image», kisha «Échelle et taille de l'image», uandike upana wa nukta 1240. Itakuwa na ukungu. Usiogope, ukungu ndio unga wetu wa kukandia.

Ya pili. Nakili tabaka mara tatu: «Calque», kisha «Dupliquer le calque». Tabaka ni kama vikwembe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Cha juu kinakifunika cha chini, lakini cha chini kipo pale pale. Ya chini kabisa ni foto ya asili. Hiyo haiguswi hata mara moja. Zile tatu zipe majina kuanzia chini: uso, rangi, mistari.

Ya tatu. Ficha tabaka la mistari kwa kubofya alama ya jicho. Chagua tabaka la uso. Nenda «Filtres», «Flou», kisha «Flou gaussien sélectif», uweke nguvu ndogo tu. Filta hii inalainisha mashavu lakini inaheshimu kingo, kwa hiyo pua inabaki pua.

Ya nne. Chagua tabaka la rangi. Tumia filta ile ile kwa nguvu zaidi. Kisha nenda «Filtres», «Artistique», «Peinture à l'huile». Jina linasema rangi ya mafuta, lakini kazi yake ni kukusanya nukta ziwe mabaka, na mabaka ndiyo tunayoyataka. Anza na namba ndogo, 6 au 8. Ukizidisha, kitambaa cha kichwa kitakuwa sombe iliyopondwa.

Ya tano. Onyesha tena tabaka la mistari, ulichague. Nenda «Filtres», «Détection de bord», «Contour». Utaona mistari ya rangi juu ya weusi. Ondoa rangi kwa «Couleurs», «Désaturer», kisha geuza weusi uwe weupe kwa «Inverser». Badilisha namna ya tabaka kutoka «Normal» iwe «Multiplier». Weupe utatoweka na mistari itabaki. Punguza nguvu yake hadi 30 au 40 kwa mia, iwe kama penseli iliyopita chini ya rangi.

Ya sita. Ongeza tabaka jipya tupu juu ya yote. Chukua brashi kubwa laini, rangi nyeupe, upake pembeni kwa mkono usionyooka. Bega liyeyuke. Ukuta wa nyuma upotee. Ile sehemu ya jirani ya foto ya ndoa nayo iende zake.

Ya saba. Piga foto karatasi nyeupe ya kuchorea, ile nzito ya watoto wa masomo, mwanga ukitoka ubavuni ili mikwaruzo yake ionekane. Iingize kwa «Fichier», «Ouvrir en tant que calques», iwe juu kabisa, nayo iwe «Multiplier». Ikiifanya picha yote kuwa ya kijivu, ipe mwanga zaidi. Picha itakuwa kama imezama ndani ya karatasi.

Hifadhi kazi kila baada ya hatua, katika namna ya XCF inayotunza matabaka yote. Hatuhitaji kueleza sababu. Umeme wa mji wetu hautoi taarifa unapoondoka.

Uso hauachiwi mashine

Sasa tumefika pale.

Mama mmoja wa mtaa wetu alitaka picha ya mama yake kwa siku ya kumaliza kilio. Alikuwa na kadi ya mpiga kura tu. Alimpa kijana mmoja anayechapisha foto, naye akaipitisha katika programu ya telefone inayogeuza kila kitu kwa kubofya mara moja. Nusu dakika ikawa tayari: laini, ina maua pembeni, ina mwanga. Wote walisema ni nzuri. Ndugu wa marehemu walipofika, mjomba aliishika, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa upole: «Huyu ni nani?»

Nkambo yule alikuwa na chale tatu ndogo kila upande wa uso, alizochanjwa akiwa msichana. Programu ilizifikiri ni uchafu, ikazifuta. Alikuwa mweusi kama sufuria ya nyumbani, na picha ilimtoa na rangi ya chai yenye maziwa mengi. Hakuna aliyekusudia kumtukana. Lakini alikuwa amechubuliwa akiwa kaburini, yeye ambaye maisha yake yote aliwakataza binti zake mafuta ya kujichubua.

Kwa nini hutokea? Kuna sababu mbili. Ya kwanza tumeieleza: katika rangi ya maji mwanga ni weupe wa karatasi, kwa hiyo filta nyingi zinaangaza kila kitu ili ifanane na akwareli, na ngozi nyeusi ndiyo inayopoteza zaidi. Ya pili ni ya zamani. Vyombo vya foto havikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye foto ya mwanamke mzungu, zikaitwa Shirley. Ngozi ile ikawa kipimo, na ngozi nyingine zilijitegemea. Tabia hiyo haikuisha mara moja filamu ilipokwisha.

Basi haya ndiyo tuliyofanya na mama yule, jioni mbili, kwenye kompyuta yake.

Kwanza, tuliipima ngozi. GIMP ina chombo kiitwacho «Pipette à couleurs». Ukigusa shavu la foto ya asili, kinakupa namba tatu: nyekundu, kijani, buluu. Tuliziandika kwenye daftari. Kisha tuligusa shavu lile lile kwenye picha iliyokwisha. Namba zikiwa zimepanda sana, ngozi imechubuliwa. Tulirudi kwenye «Couleurs», «Courbes», tukashusha mpaka zikakaribiana. Mwanga ulibaki mahali pawili tu, kwenye mfupa wa shavu na paji la uso, pale ambapo mwanga wa mlango ungempiga kweli.

Pili, tulifungua dirisha juu ya macho. Tabaka la rangi tuliliongezea maski: «Calque», «Masque», «Ajouter un masque de calque», nyeupe. Juu ya maski hiyo, brashi nyeusi inatoboa tabaka, na lile la uso, ambalo halikulainishwa sana, linaonekana chini yake. Tulitumia brashi yenye nguvu 50 kwa mia, tukapita juu ya macho, midomo na tundu za pua. Nguo na kitambaa viwe mabaka; macho yawe macho.

Tatu, chale. Katika foto zilikuwa hazionekani vizuri. Mama yule alimpigia simu mjomba, akamuuliza: zilikuwa wapi hasa, zilielekea wapi, zilikuwa na urefu gani? Mjomba alieleza kwa dakika ishirini, na katikati ya maelezo akasimulia pia ni nani aliyemchanja na siku ile alivyolia. Tulizichora kwa brashi ndogo, kwenye tabaka lake peke yake, nyeusi kidogo kuliko ngozi.

Hapo mnaona faida ya kufanya wenyewe. Programu ya kubofya mara moja haina mtu wa kumpigia simu.

Picha ya pili ilipoletwa, mjomba hakusema mengi. Aliomba nakala moja apeleke Kamina.

Adabu za kazi hii

Kabla ya kumaliza, kuna mambo ambayo tunaomba kila nyumba iyashike.

Foto ya asili haitupwi. Picha ya rangi ni mtoto wake, haichukui nafasi yake. Irudisheni kadi katika bahasha kavu, na nakala yake wekeni mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye fimbo ya USB kwa ndugu wa nyumba nyingine. Nyumba moja ikiungua au ikiibiwa, nyingine itakuwa nayo.

Waulizeni wenye haki. Marehemu ana watoto, ana ndugu, ana upande wa baba na wa mama. Mtu mmoja asiamue peke yake mama yao aliishi na uso gani. Waonyesheni kabla ya kuchapisha, si baada.

Andikeni jina nyuma. Jina lote, kijiji au mji, mwaka wa kuzaliwa kama unajulikana, na jina la aliyeitengeneza picha. Kumbukeni wale wa foto za 1898 walio katika jumba la makumbusho. Sura zao zimebaki na majina hayakufuata. Isiwe hivyo kwetu, na kalamu tunayo.

Angalieni foto za watoto. Programu nyingi za telefone zinatuma foto kwenye kompyuta za mbali ili zigeuzwe huko, na hamjui zinakaa wapi baadaye. GIMP inafanya kazi ndani ya kompyuta yenu bila intaneti. Kwa sura za watoto, hiyo ndiyo njia.

Kuhusu kuchapisha: ombeni karatasi nzito isiyong'aa. Karatasi inayong'aa inasema foto, na macho yanaanza tena kutafuta kasoro. Msiitundike mahali jua linapoingia, maana wino wa printa unapauka.

Na kuhusu pesa. Kuna wamama kati yetu wanaotafuta kazi ya mikono ambayo haihitaji kusimama sokoni. Hii inaweza kuwa mojawapo. Lakini bei ipatanwe kabla, sehemu ilipwe mwanzoni na sehemu baada ya jamaa kuiona. Kwa nyumba yenye kilio, fanyeni kama tunavyofanya kwa unga na makaa: anayeweza anatoa, asiyeweza anasaidiwa.

Anayetaka kujaribu asianze na foto ya marehemu. Aanze na ya embe juu ya meza, kisha ya mtoto wake anayecheka, ambaye yuko pale pale wa kulinganisha naye. Mkono ukizoea, ndipo afungue bahasha ya nkambo.

Na wale ambao wazee wao bado wako hai, tunawaomba jambo moja rahisi kuliko yote tuliyoandika. Jumapili hii, wakitoka kanisani wamevaa kikwembe chao kizuri, wawekeeni kiti karibu na mlango, penye mwanga. Wapigeni foto safi, kubwa, wakitazama mbele. Waulizeni pia majina ya wazazi wao, muandike.